Kibarua, kipande, mshahara, hesabu: maswali yenu kuhusu kazi na malipo

Barua za mwezi huu nyingi zimegusa jambo moja: kazi ililipwaje zamani, kwa nini malipo yalibadilika, na hii tunayoifanya leo tuiite nini. Tumechagua saba. Zilizohitaji nafasi kubwa tumezipa.

Habari za kazi, wahariri. Binti yangu wa kidato cha pili anafundishwa kwamba jamii zilianza na ujima, zikaingia utumwa, kisha ukabaila, ubepari, halafu ujamaa. Nami nilifundishwa hivyohivyo. Je, hapa kwetu ndivyo ilivyokuwa? (Mzazi, Morogoro)

Salama, mzazi mwenzetu. Ngazi ile inasaidia kukumbuka majina ya mifumo, na binti aijue vizuri kwa sababu kwenye mtihani itaulizwa. Ila asidhani kila jamii iliipanda kidato kwa kidato. Huku kwetu mifumo miwili mitatu imekaa chini ya paa moja, na mara nyingine ule unaoitwa wa kale ulinenepeshwa na ule mpya.

Tazama Zanzibar. Watumwa wengi wa mashamba ya Unguja na Pemba waliletwa kwa sababu ya soko la dunia. Mikarafuu ilipoenea visiwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kila shamba lilitaka mikono: palizi, kuchuma kabla ua halijafunguka, kuchambua makonyo, kuanika juani siku nne tano mpaka kilo tatu za karafuu mbichi zibaki kama kilo moja. Biashara ya kisasa kabisa, yenye wanunuzi Bombay na Ulaya, ndiyo iliyozidisha utumwa. Na hata ndani ya utumwa malipo yalichanganyika. Mtumwa wa shamba kwa desturi aliachiwa Alhamisi na Ijumaa alime konde lake, maana yake alijilisha mwenyewe. Mjini alikuwapo mtumwa aliyekwenda asubuhi kutafuta kazi ya siku, akalipwa fedha taslimu, na jioni sehemu ya fedha ile akampelekea bwana wake. Huyo alikuwa mtumwa na mfanyakazi wa ujira kwa siku hiyohiyo moja.

Zanzibar ilifuta hadhi ya utumwa kisheria mwaka 1897. Wengi waliobaki mashambani waliachiwa mahali pa kujenga na kupanda muhogo chini ya mikarafuu ya mwenye shamba, nao wakampalilia. Wachumaji wakalipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo. Tanganyika bara sheria ya kuufuta kabisa ilikuja mwaka 1922, wakati ambapo reli ilikuwa imeshafika Kigoma na mashamba ya mkonge yameshatapakaa Tanga. Kwa miaka mingi mtumwa na manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mkonge, waliishi nchi moja, chini ya serikali moja.

Kwa hiyo binti akitaka kuelewa, si kukariri tu, kila kazi atakayoisoma aiulize maswali matatu. Malipo yanapimwa kwa nini: siku, kipande, mwezi, au mzigo? Chombo cha kazi, iwe ardhi, mashine au chombo cha usafiri, ni cha nani? Na siku mambo yakiharibika, mvua ikigoma, mtu akiugua, mashine ikifa, hasara inamwangukia nani? Majibu yakibadilika, mfumo umebadilika, hata kama jembe ni lilelile. Majibu yetu yote yanayofuata yamesimama juu ya maswali hayo.

Wazee wa huku husema Wanyamwezi walikuwa wapagazi hodari. Walilipwa, au walishurutishwa? Na ile kazi ilikufaje? (Msomaji, Tabora)

Katika karne ya 19 wengi walikwenda kwa mapatano, na walijua kupatana. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ujira ulikubaliwa kabla ya safari na sehemu yake ikatolewa mapema: majora ya merikani (kitambaa cha pamba), shanga, nyaya za shaba, au reale (sarafu za fedha) kwa waliofika pwani. Njiani kulikuwa na posho, yaani chakula cha kila siku au kitambaa na shanga za kununulia chakula.

Hapo kwenye shanga ndipo misafara mingi ilipoharibikiwa. Kila nchi ilikuwa na shanga yake: rangi iliyopendwa mahali pamoja, safari ya siku kumi mbele hakuna aliyeitaka. Mkuu wa msafara aliyekosea kununua pwani alijikuta ana mizigo ya fedha isiyonunua hata kibaba cha mtama. Huko Ugogo alidaiwa hongo, neno ambalo wakati ule lilimaanisha ushuru wa kupita na kupata maji, ukitozwa hadharani na mtawala wa eneo.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni majira. Mnyamwezi aliondoka baada ya mavuno, kiangazi, akajitahidi arudi na mvua za kupandia. Upagazi ulikaa ndani ya mwaka wa mkulima bila kuuvunja. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, behewa moja la tani 10 lilichukua mizigo ya wapagazi zaidi ya 300. Waliokuwa wakiuza mabega yao kwa msimu wakabaki na nguvu zisizo na mnunuzi karibu, na mnunuzi mpya, shamba kubwa, aliwataka mwaka mzima.

Neno posho lenyewe limeendelea na safari. Kenya na Uganda likawa jina la unga wa mahindi uliogawiwa vibarua, na mpaka leo kuna mashine ya posho. Tanzania limepanda cheo, likawa fedha ya kikao.

Babu yangu alitoka Songea akaja huku kuwa manamba wa mkonge. Aliacha shamba zuri lenye rutuba. Nashindwa kuelewa: alifuata nini? Na hiyo kadi ya kipande aliyoizungumzia ilikuwaje? (Mjukuu wa manamba, Korogwe)

Alifuata kodi, ndugu yetu. Serikali ya Wajerumani ilitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897 na kuanza kuitoza mwaka uliofuata: rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Mwanzoni mtu aliweza kulipa kwa mazao au kwa kufanya kazi. Baadaye zikatakiwa fedha taslimu. Waingereza walipochukua nchi waliiendeleza. Kodi ile ilikuwa na kazi mbili: kuijazia serikali hazina, na kumlazimisha mtu aliyejitosheleza kwa chakula atafute sarafu.

Sasa sarafu ilipatikana wapi? Hapa ndipo jibu la swali lako lilipo. Wabondei na Wasambaa, walio jirani na mashamba ya mkonge na reli, waliuza mahindi, ndizi na mboga kwa mashamba hayohayo, wakalipa kodi bila kukata jani hata moja. Wajerumani walijaribu kuwabana: huko Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kila mwanamume alipewa kadi ya kumfanyia kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Lakini mtu wa Songea, Ufipa au Kigoma alikuwa mbali na soko. Gunia la mahindi halikuweza kusafiri mpaka Tanga kwa faida. Miguu yake iliweza. Ardhi nzuri isiyo na barabara haikulipa kodi. Mashamba nayo yalimpenda mtu wa mbali, kwa kuwa hakuweza kutoroka kwenda kulala kwake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuwakusanya watu, SILABU, iliyowasafirisha kwa mikataba. Mtu alipewa namba, na kutokana na namba wakaitwa manamba.

Kadi ya kipande ilikuwa na visanduku 30. Kila siku mtu alipewa kazi iliyopimwa, na kwa mkata mkonge ilihesabiwa kwa matita: unakata majani ya chini ya mche, unaondoa mwiba wa ncha, unafunga majani 30 kwa tita, unayapanga kando ya reli ndogo. Ukimaliza matita yaliyoagizwa, kisanduku kimoja kinatiwa alama. Usipomaliza, siku hiyo haihesabiwi, ingawa mkonge uliokwisha kuukata unachukuliwa. Malipo yalikuja visanduku 30 vilipojaa, navyo vilitakiwa kujazwa ndani ya siku 42. Kwa hiyo "mwezi" wa manamba haukuwa mwezi wa kalenda. Homa ya siku tatu, mvua ya siku mbili, tita lililokataliwa na mnyapara kwa kuwa lina majani mafupi, vyote vilimwangukia yeye.

Kwa nini kazi ipimwe kwa ukali namna ile? Jani la mkonge likishakatwa halingoji. Lisipopita kwenye korona, mashine ya kusaga, ndani ya siku moja au mbili, linakauka na singa, yaani nyuzi zake, zinakuwa ngumu kutoka safi. Na katika uzito wa jani, singa ni kama asilimia 4 tu. Kilo 100 za majani zinatoa kilo 4 za kuuza. Mashine kubwa na ya ghali inataka kulishwa bila kukatika, na mashine ndiyo iliyompangia mkataji saa za kuamka.

Sehemu chungu ya hesabu ile ni ujira wenyewe. Ulipangwa kwa mtu mmoja, kama kapera: posho yake, shuka, kodi, na kidogo cha kurudi nacho. Mke na watoto hawakuwamo katika hesabu, kwa sababu walilishwa na lile shamba zuri la Songea ulilolitaja, lililolimwa na bibi yako peke yake. Tuseme wazi: bibi yako, kwa jembe lake, alichangia faida ya shamba la mkonge ambalo hakuwahi kuliona. Uchumi wa kijiji ulibaki hai, ukabebeshwa gharama za uchumi mpya.

Mmea wenyewe ulianza kwa mbegu haba. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa kama 20,000. Kamba za plastiki zilishusha bei, na mashamba mengi yaliyotaifishwa mwaka 1967 yakakosa miche mipya na vipuri. Ndiyo maana huko Korogwe unakutana na kambi za wazee wenye majina ya Kiha, Kimakonde na Kingoni ambao hawakurudi tena kwao.

Mbona sisi Kenya tunaita kitambulisho "kipande"? Kipande cha nini? (Msomaji, Thika)

Ni jina lilelile la karatasi ya kazi, ila Kenya lilifungwa shingoni. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alibeba karatasi yenye alama za vidole vyake, na ndani yake mwajiri aliandika tarehe ya kuanza, ujira, na tarehe ya kuondoka. Karatasi ilitiwa kwenye kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa kwa kamba.

Nguvu ya kipande ilikuwa katika ile saini ya kuondoka. Mwajiri asipoitia, mwajiri mwingine hawezi kukuchukua, na ukiondoka bila saini wewe ni mtoro, unatafutwa kwa alama za vidole. Mtu hakuweza kukataa ujira mdogo kwa kwenda kutafuta mkubwa, na mwajiri aliyefuata aliusoma ujira wako wa zamani kabla hujafungua mdomo. Soko la kazi lilikuwapo, lakini upande mmoja ulikuwa umefungwa miguu.

Mwaka 1921 kodi ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16, na wenye mashamba wakakubaliana kupunguza ujira kwa theluthi. Harry Thuku na chama chake, East African Association, wakalisimamia jambo hilo, pamoja na kipande. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika Nairobi kudai aachiwe, ukapigwa risasi, na miongoni mwa waliokufa alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma. Kodi ilishushwa hadi shilingi 12. Kipande chenyewe kiliendelea mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940, kilipowekwa uandikishaji wa watu wa rangi zote. Jina limebaki.

Kwetu mama ndiye aliyechuma kahawa, akaimenya, akaiosha na kuianika. Lakini hela za kahawa zilikuwa za baba, mama akabaki na za ndizi. Mila ya Kichaga ndivyo inavyosema? (Msomaji, Marangu)

Mila ilitoa nusu ya jibu. Nusu nyingine ilitolewa na daftari la chama cha ushirika.

Kihamba, shamba la nyumbani la Mchaga, kilikuwapo kabla ya kahawa: migomba, magimbi, mifereji ya maji inayosafishwa kwa zamu, ng'ombe wa ndani na samadi yake. Ardhi ilirithiwa na wana wa kiume. Ndizi zilikuwa chakula, na chakula pamoja na soko lake vilikuwa mikononi mwa akina mama. Kahawa ilipoingia, ikienea kutoka misheni ya Kilema, ilipandwa kati ya migomba hiyohiyo. Mti wa kudumu ulihesabiwa kama ardhi, hivyo ukawa wa baba. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Uanachama uliandikwa kwa jina la mwenye kihamba, kadi ikawa ya baba, na malipo ya kwanza na ya pili yakatoka kwa mwenye kadi. Hapo desturi ya nyumbani ikageuka kuwa maandishi, na maandishi hayabadiliki upesi.

Ukiangalia kazi yenyewe utaona ukubwa wa kilichoachwa nje ya daftari. Buni huchumwa zilizoiva tu, nyekundu, kwa hiyo unarudi kwenye mti uleule mara kadhaa kwa msimu. Zinamenywa siku ileile kwa mashine ya mkono. Zikilala zinachacha ndani ya ganda na kahawa inatoa harufu mbaya kwenye kikombe, daraja linashuka. Kisha zinalowekwa siku moja au mbili mpaka utelezi uachie, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye chanja, zinageuzwa, zinafunikwa mvua ikinusa. Kilo sita hivi za buni mbivu zinatoa kilo moja ya kahawa safi. Ubora wote umo katika mikono ya aliyefanya hatua hizo, na bei ya daraja hilo ilisomwa kwa jina la mwingine.

Mambo yaligeuka kwa sababu iliyotoka mbali. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgao wa kahawa yalivunjika, na bei ya dunia ikaanguka vibaya. Kahawa haikulipa tena dawa zake. Familia nyingi mlimani zikang'oa au kuitelekeza mibuni, zikageukia ndizi za kuuza, nyanya na ng'ombe wa maziwa. Ndizi na maziwa vilikuwa tayari mikononi mwa akina mama. Hakuna kikao cha ukoo kilichobadilisha mgawanyo ule. Bei ndiyo iliyoupindua.

Babu alikuwa kibarua Kilindini na anasema alikuwa akienda kazini siku anayotaka. Nashindwa kumwamini. (Msomaji, Mombasa)

Mwamini. Jina kibarua latokana na barua, kile cheti kidogo alichopewa mtu wa kazi ya siku. Makampuni ya bandari yaliajiri kila asubuhi kulingana na meli zilizotia nanga. Siku meli ni nyingi yalihitaji watu wengi, siku bandari tupu hayakutaka kulipa mtu. Kwa mtu mwenye minazi na konde Likoni au Kisauni utaratibu huo ulikuwa na faida: afanye siku kumi na tano kwa mwezi, zilizobaki avue au alime. Hasara ya siku tupu ilikuwa yake, lakini alikuwa na pa kuegemea.

Aliyeumia ni yule asiye na shamba, aliyelipa kodi ya chumba na kununua kila kitu dukani, hasa bei zilipopanda wakati wa vita. Januari 13, 1947 mji ulisimama: bandari, reli, hoteli, na watumishi wa majumbani, kwa karibu wiki mbili. Humo ndimo lilimozaliwa shirikisho la wafanyakazi, African Workers' Federation, la Chege Kibachia, ambaye mwaka huohuo alikamatwa na kupelekwa uhamishoni. Serikali ilijifunza kwamba kibarua asiye na mwajiri mmoja hatishiki kwa kufukuzwa. Katika miaka ya 1950 wakaanza kuwaandikisha watu wa bandari: asiyefika mara za kutosha anafutwa, anayebaki anapata ujira bora na uhakika. Neno mshahara lina asili ya Kiarabu, shahr, mwezi. Kuondoka kwenye kibarua kwenda kwenye mshahara kulikuwa kuhama kutoka siku kwenda mwezi, na waliohamishwa walikuwa wachache kuliko waliokuwapo.

Kisha likaja kontena. Magunia 300 hivi ya kahawa ya kilo 60, yaliyobebwa moja moja na kupangwa ndani ya meli na kundi zima la watu, yanaingia katika sanduku moja la futi 20, na winchi inalinyanyua kwa dakika chache. Kazi ya kujaza na kufungua sanduku ipo bado, ila inaweza kufanyika Nairobi. Babu yako asingeitambua bandari ile.

Nina pikipiki ya mkataba. Hesabu ninayompelekea mwenye mali ni shilingi 10,000 kwa siku, Jumapili napumzika, kwa miezi 14, halafu inakuwa yangu. Dukani taslimu inauzwa 2,700,000. Jirani anasema mimi ni mfanyabiashara, mke wangu anasema mimi ni kibarua. Nani kasema kweli? Na je, napata? (Dereva bodaboda, Dodoma)

Tuanze na hesabu, kaka. Miezi 14 ni kama wiki 61, kwa siku 6 ni siku 366 hivi, tuziite 364. Utalipa 3,640,000. Umezidisha 940,000 juu ya bei ya dukani, karibu asilimia 35. Hiyo ni riba, hata kama neno hilo halimo kwenye mkataba wako.

Sasa siku moja. Umesema katika barua yako kwamba unakusanya wastani wa 32,000 na kuweka petroli ya 9,000, na unakimbia kama kilomita 150. Toa hesabu 10,000 na petroli, zinabaki 13,000. Oili ukibadilisha kila siku nane, kabla haijawa maji, ni kama 1,250 kwa siku. Matairi, cheni na sproketi, viatu vya breki na pancha, weka 1,250 nyingine. Hizi ndizo madereva wengi hawazihesabu, halafu siku tairi likiisha wanakopa. Zinabaki 10,500. Unatoka saa 12 asubuhi unarudi saa 2 usiku, saa 14: ni 750 kwa saa.

Bado kuna siku za kuugua na gereji. Zikiwa tatu kwa mwezi, hesabu ya 30,000 inadaiwa palepale. Katika mwezi wa siku 26 za kazi unabaki na 23, na kila moja inabeba kama 1,300 zaidi. Umeshuka kwenye 9,200 kwa siku, kama 650 kwa saa, kabla hujala mchana.

Kuhusu ubishi wa nyumbani, tumia yale maswali matatu. Malipo yako yanapimwa kwa abiria, kwa hiyo jirani ana hoja. Chombo ni cha mwingine mpaka siku ya mwisho, na siku mbaya ni yako peke yako. Hapo mke wako ana hoja nzito zaidi. Mtu wa mjini Unguja aliyepeleka sehemu ya ujira kila jioni, na manamba aliyekosa alama kwa tita moja pungufu, mpangilio wao wa hasara unafanana na wako. Tofauti yako ni kubwa na ina thamani: uko huru kuondoka, na mwisho wa njia kuna mali. Mali hiyo itategemea mambo mawili: pikipiki itakuwa na hali gani mwezi wa 14, na mkataba unasema nini kabla ya hapo.

Kinachoharibika mara nyingi ni mwezi wa 11 au 12. Dereva anakosa hesabu siku nne, mwenye mali anaichukua pikipiki, na zaidi ya milioni mbili zilizokwisha kulipwa zinapotea kwa sababu hakuna maandishi. Kwa hiyo rudi kwa mwenye mali mkiwa bado mnaelewana, mwandike upya mbele ya mashahidi wawili, ikiwezekana ofisi ya mtaa. Andikeni jumla ya deni kwa shilingi, si kwa miezi tu: 3,640,000, na kila malipo yanapunguza. Siku ya kukosa isiwe kosa la kunyang'anywa, iongezwe mwishoni. Injini ikifa bila uzembe wako, siku za gereji hesabu isimame, na mseme nani ananunua pistoni. Akiichukua pikipiki kabla ya muda, asilimia fulani ya ulicholipa irudi. Bima ni ya nani kulipia, na ikiibiwa deni linakuwaje. Kadi ya pikipiki itahamishwa jina TRA ndani ya siku ngapi baada ya malipo ya mwisho, na gharama ya kuhamisha ni ya nani.

Hesabu ilipe kwa simu, si mkononi, ili ujumbe wa kila muamala ubaki ushahidi. Na kila Jumamosi nakili kwenye daftari kiasi kilichobaki, mwenye mali atie saini hapohapo.